Msumeno na Uboho wa Kaka Yake

Wifi yangu ana bucha. Watu wakifika pale kwa mara ya kwanza huchungulia nyuma yake wakimtafuta mwanamume mwenye duka. Hakuna mwanamume. Kuna yeye, aproni ya plastiki, buti nyeupe, na msumeno wa kukatia mifupa aliouning'iniza msumarini karibu na mizani. Mtaa mzima unamwita Msumeno, naye anaitika. Nilipoolewa na kaka yake, mashoga zangu walinitisha kwamba mawifi hupekua sufuria za watu. Huyu hakuwahi kufunua sufuria yangu hata siku moja. Siku ya kwanza alinitazama mikono, akaniuliza kama najua kunoa kisu. Nikasema sijui. Akasema, "Haya, tutakuzoea hivyo hivyo."

Bucha ilikuwa ya baba yao. Mzee alipofariki, mama yao alikuwa ameshatangulia, kaka mtu alikuwa anabeba mifuko ya saruji ghalani, na nyumbani kulikuwa na kitinda mimba wa miaka minne. Msumeno alikuwa na miaka kumi na tisa. Alifungua duka, akamkalisha mdogo wake juu ya kreti la soda nyuma ya kaunta, akaanza kukata. Wiki ya kwanza wateja walicheka, maana alikata mbavu kama anayepasua kuni. Kisha akaamua kwamba panga halimfai: panga likishuka huvunja mfupa na kuacha vigae ndani ya nyama, na mtu akivunjika jino atamlaumu nani? Akanunua msumeno. Tangu hapo kila mfupa pale hukatwa taratibu, umenyooka, unga mweupe ukidondoka kwenye gogo. Wateja wakilalamika kwamba anachelewa, anawajibu, "Mwenye haraka anunue maini."

Ndivyo alivyo. Akishaamua jambo, hata ulete trekta humng'oi. Nampenda, lakini kuna siku nimetamani kumtupia kiatu.

Sasa mimi. Mimi ni karani wa shule. Nachapa barua, napanga mafaili, na Kiingereza changu kinatosha kumwandikia mkaguzi bila aibu. Mtaani kwetu mtu akipokea barua ya kizungu huniletea mimi, na mimi huvaa miwani, nakohoa kidogo, nasoma. Sitaficha: nilikuwa nikilipenda hilo. Ilikuwa raha kuona watu wazima wamekaa kimya wakisubiri nimalize mstari. Huko ndiko nilikojikwaa, na aliyekaribia kufa kwa kujikwaa kwangu ni Kitinda.

Kitinda ndilo jina tunalomwita yule kitinda mimba, ingawa sasa ana miaka ishirini na mitatu na anashona sare za shule kwa cherehani yake mwenyewe. Siku moja sindano ya cherehani ilimdunga kidole, jambo la kawaida kwa fundi. Ila damu ilianza kutoka asubuhi na ikafika mchana haijakatika, sare tatu zikaharibika. Tulipomtazama vizuri tukakuta ana mabaka ya bluu miguuni na hakumbuki alijigonga wapi. Ngazi nne tu zilimtoa pumzi. Msumeno alifunga bucha siku hiyo, kitu ambacho alikuwa hajawahi kufanya hata siku aliyojikata kidole, akampeleka hospitali.

Vipimo vilichukua wiki mbili. Katika kimojawapo walimdunga sindano nene, na Kitinda alivyotusimulia nyumbani alisema, "Walinichoma huku nyuma, chini ya mgongo." Nilisikia, nikaweka akilini.

Daktari wa damu alituita ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kuzungumza polepole kama anayehesabu vidonge. Tulikuwa watatu: mimi, Msumeno, na mume wangu, ambaye kule ghalani wanamwita Winchi kwa sababu anabeba mifuko miwili kwa mara moja.

"Mwili una kiwanda cha damu," daktari alisema, "na cha mdogo wenu kimesimama. Wafanyakazi wa kiwanda hicho wanaitwa seli shina. Seli nyingi za mwili zimeshachagua kazi. Ya ngozi ni ya ngozi, ya ini ni ya ini. Seli shina ya damu bado haijachagua. Ikigawanyika inaweza kutoa nyingine kama yenyewe, na inaweza kutoa seli nyekundu ya kubeba hewa, au nyeupe ya kupigana na vijidudu, au chembe sahani za kuziba jeraha. Kitinda amebakiwa na chache mno."

"Haijachagua kazi," alisema Msumeno. "Kama kaka alipokuwa shuleni."

Winchi alicheka, na daktari pia, kisha akaacha kucheka. Alisema damu ya kuongezewa ni ya kumsogeza siku tu, na kila anapoongezewa sana mwili wake unazidi kukataa vya watu. Tiba ni kumpa seli shina za mtu mwingine, zikaanzishe kiwanda upya. Mtu huyo lazima afanane naye kwenye alama fulani za seli. Kundi la damu si hoja. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana. Wapo wawili, wapimwe wote. Akaongeza kwamba tusichelewe, kwa sababu mtu asiye na seli nyeupe anaweza kuchukuliwa na homa moja tu.

Msumeno hakuwa na shaka kwamba ni yeye. Alianza kula mayai kila asubuhi ili seli zake ziwe na nguvu. Aliniambia, "Wifi, nitakapolazwa utanishikia bucha. Nyama ya kusaga usiisage mapema." Mimi nisiyejua kunoa kisu!

Majibu yake yakarudi: hafanani na Kitinda. Akasema rudieni. Wakarudia, ikawa vile vile. Alisimama mbele ya meza ya daktari ameshika kiuno.

"Nimemlisha mimi. Nimemvalisha mimi. Amekua akishika aproni yangu. Halafu mnaniambia hatufanani?"

"Kipimo hiki hakiulizi nani alimlea," daktari alimjibu kwa upole.

Sijawahi kumwona mtu akimezeshwa jiwe namna ile. Lakini hakukaa nalo siku mbili. Aliona bango la kliniki moja iliyopakwa rangi mpya, linalosema wanatibu kwa seli shina magoti, kisukari, macho na upara. Akaenda. Akawauliza hizo seli zimetoka kwa nani. Wakamwambia ni za kisasa. Akawauliza tena, zimetoka kwa nani? Wakamletea soda. Alirudi kwa daktari amekasirika, na daktari akamwambia kwamba leo hii matumizi yaliyothibitika ya seli shina ni machache, na makubwa zaidi ni haya ya damu. Wanazitumia pia kuotesha ngozi ya walioungua vibaya. Mengine bado watu wanayachunguza, na mengine yanatia matumaini, lakini anayetibu kila kitu kwa sindano moja ni wa kukimbiwa. "Soda yao sikuinywa," alisema Msumeno.

Siku ileile ikaja barua ya majibu ya Winchi.

Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, na muhuri. Nikavaa miwani. Mume wangu alikaa kwenye kiti cha mlangoni akifuta saruji masikioni. Nilisoma kwamba amefanana na mdogo wake Kitinda alama zote, nikapiga kelele ya furaha. Kisha nikafika mahali palipoandikwa anachotakiwa kutoa. Yalikuwa maneno mawili. La kwanza nilijua ni mfupa. La pili sikulijua. Ningesema sijui, dunia isingeanguka. Badala yake nikachukua kamusi ndogo ya shule, ikaniambia neno la pili ni aina ya boga refu la kijani.

Mfupa boga. Nilifunga kamusi. Nikaanza kujipa akili: daktari alisema seli *shina*. Shina la mti tunalijua. Shina la mtu ni nini kama si uti wa mgongo? Na Kitinda si alichomwa huku nyuma, chini ya mgongo? Nikakohoa kidogo, nikasema, "Wanataka kutoa kitu kwenye uti wako wa mgongo."

Mikono ya Winchi ilibaki masikioni. Pale ghalani kwao kuna mwenzao aliyeangukiwa na shehena mgongoni. Sasa anakaa getini kwenye kiti cha magurudumu anahesabu malori. Winchi humsalimia kila asubuhi. "Mgongo ndio kazi yangu," alisema. "Ndio mimi mwenyewe." Na mimi mke wake, Mungu anisamehe, nilimwunga mkono. Niliuona mgongo ule ukilala kitandani miaka thelathini, nikaogopa. Hospitali walipompigia simu alisema ana kazi nyingi. Walipopiga tena akakata. Alikwenda nyuma ya tangi la maji akalia, akidhani simwoni.

Msumeno alikuja, wakazozana. Alimwita mwoga, akamwita majina mengine ambayo siwezi kuyaandika na ambayo nilidhani wanayajua wapagazi tu. Winchi alijibu jambo moja: "Dada, niombe damu yote, nitatoa. Mgongo siwezi." Msumeno akaondoka bila kuaga.

Siku ya kumi na mbili tangu barua ije, Kitinda alipata homa. Wakamlaza chumba cha peke yake, dawa zikapita mishipani usiku na mchana. Ilishuka, lakini daktari alisema ijayo huenda isishuke.

Siku ya kumi na nane Msumeno aligonga mlango wangu saa ya chakula cha mchana. Hakukaa. "Wifi, nipe ile barua. Na unioneshe kwa kidole pale ilipoandikwa uti wa mgongo." Nikamwonesha. Aliweka kipande cha uzi wa Kitinda kwenye mstari ule asiupoteze, akaikunja barua akaenda nayo hospitali. Yeye Kiingereza hasomi. Baadaye nesi wa wodi ndiye aliyenisimulia alichofanya. Alimwambia nesi, "Usinisomee. Niguse mwilini, hapo sindano inapoingia." Nesi akamgeuza, akamwekea kiganja juu ya mfupa wa nyonga, upande wa nyuma. Msumeno akasema, "Huu mfupa naujua. Naukata kila siku."

Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamepungua, alimwita kaka yake buchani. Na mimi nikaenda. Alikuwa amepanga vitu viwili kwenye gogo: kipande cha uti wa mgongo wa ng'ombe na mfupa wa nyonga. Alishusha msumeno. Alikata taratibu, hakuharakisha kwa ajili yetu.

"Kaka, sogea. Huu ndio uti wa mgongo. Unaona huu mfereji? Unaona huu uzi mnene mweupe unaopita ndani? Huo ukiguswa vibaya, mtu anapooza. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Hawaugusi. Hapo wala hawafiki. Sasa shika huu."

Akampa nusu ya nyonga. Upande uliokatwa ulikuwa na vitundu vitundu kama mkate, vimejaa unyevu mwekundu.

"Huu ni uboho. Wanataka huu. Wanakulaza usingizi, wanaingiza sindano hapa nyuma ya nyonga, wanavuta uboho kama wanavyovuta damu. Seli shina zimo humu. Kiwanda chenyewe ndicho hiki."

Winchi aliinua mfupa mpaka karibu na macho. "Uboho? Ule ule tunaonyonya kwenye supu?"

"Ule wa kwenye supu mara nyingi ni wa paja, wa ng'ombe aliyekomaa, umeshageuka mafuta. Huu mwekundu ndio unaofanya kazi. Lakini ndiyo, uboho ni uboho."

"Wakichukua, unarudi?"

"Wiki kama sita, umejaa tena. Si daktari alisema hizo seli zinajizalisha? Kiuno kitakuuma kama umeteleza ngazini, na saruji utaiacha kwa muda."

"Utaniapia kwamba sitadhurika?"

"Siapi. Daktari mwenyewe hakuapa. Dawa ya usingizi ina hatari zake, kasema ni ndogo, na utaulizwa kwanza, ukikataa hakuna wa kukufunga kamba. Mimi nakuonesha mfupa tu, kaka. Uamue kwa kitu ulichokiona."

Winchi aliuweka mfupa chini polepole. Akafuta mikono kwenye suruali. "Sasa nani aliniambia ni uti wa mgongo?"

Nilihisi masikio yanawaka. Mfupa boga! Lile boga lote lilikuwa uboho, neno ambalo nimelijua tangu sijaota meno, nikaliruka kwa sababu nilikuwa nimeshavaa miwani. Nilifungua mdomo. Msumeno aliniwahi.

"Barua," alisema. "Barua za kizungu zina mambo yake."

Na mimi nikanyamaza. Naandika kama ilivyokuwa: nilinyamaza, nikamwacha mwenye kosa awe karatasi.

"Kesho nina zamu," Winchi alisema. "Twende leo."

Mambo yakaenda mbio. Winchi alipimwa, akasaini, huku kila karatasi akiuliza, "Ni uboho, siyo?" mpaka daktari akachoka. Kitinda alipewa dawa kali za siku kadhaa, za kuzuia mwili wake usikatae vya mgeni. Alitapika, nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Msumeno alimwangalia kupitia kioo, maana kuingia ilikuwa kwa zamu na kwa barakoa, akawa anamwambia kwa simu ya ukutani, "Kaza. Kaza hivyo hivyo." Asubuhi ya siku yenyewe Winchi aliingizwa chumba cha upasuaji ameng'ang'ania mkono wa nesi, mtu mzima wa mifuko miwili. Alitoka na plasta mbili nyuma ya nyonga, akilalamika kwamba kitanda ni kifupi.

Nilitarajia mitambo. Kilicholetwa ni mfuko mmoja, mwekundu, kama wa damu ya kawaida, ukatundikwa ukadondoka kwenye mshipa wa mkono wa Kitinda. Hakuna aliyempasua mfupa.

"Sasa hizo seli zitajuaje pa kwenda?" Msumeno alimwuliza nesi.

"Zinazunguka na damu mpaka zikute mifupa. Zikishafika, zinajua ni kwao."

"Hazijawahi kufika huko."

"Zinajua, dada."

Kisha ikaja ile sehemu ambayo msumeno hausaidii. Kusubiri. Kila asubuhi walimtoa damu kidogo wakahesabu seli nyeupe, na kila asubuhi jibu lilikuwa kama sifuri. Siku ya tano tangu mfuko ule. Siku ya tisa. Msumeno alifungua bucha alfajiri, akafunga mchana, akaja kusimama kwenye kioo. Hakukosa hata siku moja. Siku ya kumi na moja tulikuwa peke yetu kwenye benchi la ukumbini, na nilikuwa siwezi tena kuficha.

"Wifi, ile barua niliisoma vibaya. Haikuandikwa uti wa mgongo. Ni mimi."

"Najua. Nesi aliniambia siku ile ile."

"Mbona hukusema, pale buchani?"

"Ningesema mngegombana. Mngegombana wiki nzima, mkapatana, ndipo mngekumbuka kuna mgonjwa. Na wiki sikuwa nayo."

"Siku kumi na tisa, wifi. Angekufa."

"Angekufa," alisema. Hakunipunguzia. "Mwambie mumeo mwenyewe. Na siku nyingine usipojua neno, sema hujui." Nilimwambia Winchi jioni ile ile, na hayo yaliyofuata ni ya nyumba yangu.

Siku ya kumi na nne nambari ilisogea kidogo. Ya kumi na tano ikasogea tena. Ya kumi na nane tulikuwa kwenye kioo, mimi, Msumeno na Winchi aliyekuwa bado anakaa kwa kupinda upande mmoja, daktari akaja anatembea haraka. Hatukuwahi kumwona akitembea haraka.

"Seli nyeupe zimevuka kiwango tulichokuwa tunakingoja, leo siku ya tatu mfululizo. Kiwanda kimewaka. Safari bado ni ndefu, atatumia dawa miezi mingi na tutamwangalia sana, lakini kimewaka."

Winchi alikaa chini, sakafuni, na kiuno chake kile. Msumeno hakusogea.

"Ni za nani?" aliuliza. "Hizo seli mlizohesabu. Ni zake zimeamka, au ni za kaka?"

"Tumezipima. Ni za kaka yenu, karibu zote. Damu ya Kitinda kuanzia sasa inatengenezwa nazo."

Msumeno alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili, kama anayekubali bei. Kisha uso ukamkatika. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba, na hakujua kulia kwa adabu. Alilia kwa sauti, ameshika fremu ya kioo kwa mikono miwili. Kitinda, kichwa kitupu hakina unywele, aliinuka kitandani ameshtuka, akachukua simu ya ukutani. Niliinua ya upande wetu, nikamshikia wifi yangu sikioni.

"Dada? Mbona unalia? Zimekataa?"

"Zimekubali," alisema Msumeno. "Zimekubali, mwanangu. Na wala si zangu. Niache nilie."